Fabien Ameandika

Jumatatu, 1 Septemba

Wanafunga! Asubuhi nimefungua barua pepe nikakuta kampuni inayohifadhi tovuti yangu tangu nikiwa mwanafunzi Kisangani inaaga. Mwisho wa Novemba mfumo wao wa zamani unazimwa, kila mwenye tovuti abebe vitu vyake ahamie anakotaka. Mtu mwingine angelia. Mimi nimepiga makofi peke yangu hapa sekretarieti, kibanda changu cha kupiga chapa na fotokopi, na mteja aliyekuwa anangoja fotokopi akaniangalia kama mtu mwenye homa.

Miaka yote nimeulaani mfumo ule. Kuweka picha moja ni kungoja mpaka chai ipoe. Herufi ni ndogo, rangi ya kijivu, na ukikosea, kitu hakirudishiki. Nilikuwa natafuta sababu ya kuhama na uvivu unanishinda. Sasa sababu imeletwa mpaka mlangoni.

Tovuti inaitwa Sokoni Bule. Niliianza kwa hamu ya kijiji chetu tu: maharagwe ya mama, viazi, akina mama wa kabeji na utani wao. Halafu vita vikaja, watu wakakimbia Bule, wakatawanyika. Wengine wako kambini hapa Bunia, wengine Uganda, wengine kwenye machimbo ya dhahabu. Na chini ya ukurasa mmoja, wenye picha ya kabeji siku ya soko, wakaanza kusalimiana. Sikuwaomba. Mmoja aliandika yuko wapi, mwingine akamjibu, na leo ujumbe wao umepita maneno yangu yote. Nani amejifungua, nani amehama, nani bado anatafutwa. Namba za simu tu ndizo nilizozikataza, tangu matapeli walipoanza kuwapigia akina mama wakijifanya watoto wao.

Mama Scholastique, jirani yangu hapa mtaani Ngezi, huja kila juma nimsomee. Mtoto wake wa pekee, Guelord, anachimba dhahabu huko juu. Hana simu yake, huazima ya watu akifika mjini, na maneno yake yanamfikia mama yake mahali pamoja tu duniani, pale chini ya kabeji. Kila mara anaahidi kwamba shimo likitoa atashuka Bunia. Shimo halitoi, na mama yake hajamwona tangu walipokimbia.

Kwa hiyo nahama kwa uangalifu. Nimejiapiza.

Alhamisi, 4 Septemba

Mvua. Paneli haichaji. Bila jua sina umeme, sikufanya kitu.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimechagua mfumo mpya! Nimejaribu ukurasa mmoja wa majaribio na umefunguka kabla sijamaliza kukohoa. Herufi kubwa, picha zinajaa kioo, na kuna rangi ya kijani ambayo ni kabeji yenyewe. Nimemwita mume wangu aje aone.

"Arlette, batu banaangalia mu telefone yenye kioo ilipasuka," Floribert akasema. "Hiyo kijani nani ataona?"

"Miye nitaona."

Akacheka, akaomba chakula. Fundi wa matofali haoni thamani ya kitu kisichobebeka. Nampenda hivyohivyo.

Jumanne, 9 Septemba

Mama Scholastique amesikia kwa watu kwamba nahama. Amekuja na kitenge kimefungwa vibaya, ishara kwamba ametoka nyumbani mbio.

"Mutoto wangu, banasema unahamisha site. Guelord atajua njia?"

"Adrese inabakia ile ile, mama. Ni nyumba njo inabadilika, njia haibadilike."

"Siye tulihama, batu bangapi balituona tena?"

Nikamwekea chai, nikamsomea tena ujumbe wa mwisho wa Guelord, ule wa Julai: "Mama niko muzima, shimo iko karibu kutoa, nitashuka." Aliusikiliza kana kwamba umefika leo.

Ijumaa, 12 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Paneli haichaji.

Ijumaa, 19 Septemba

Nusu ya kurasa zangu nimeshazisafisha, nimefuta picha zilizotoka mara mbili, nimepanga mapishi peke yake. Ningefika mbali zaidi kama si Fabien wa kona.

Fabien anachajia watu simu. Ana meza, mwavuli, rundo la nyaya, na spika inayopiga muziki mpaka kalamu zangu zinatembea mezani. Miwani ya jua haimtoki, hata mvua ikinyesha. Watu wa kambini wanajaa pale kwake kutwa, na yeye anaongea, anaongea, sijui anaongea nini. Nimeenda kumwomba apunguze sauti, akaniambia, "Madame Arlette, muziki njo publicité, njo inaleta batu." Kijana mzima, mwenye akili, anaishi kwa kelele.

Jumamosi, 27 Septemba

NIMEHAMA!

Jua limetoka asubuhi na mapema, jua la kweli. Floribert akapanda juu ya bati kufuta paneli kwa fulana yake ya zamani. Mchana betri ilikuwa imejaa, na konexion ya intaneti, sijui malaika gani alikuwa ameishika, haikukatika hata mara moja. Nikaiambia kampuni ya zamani inipe mzigo wangu wote katika faili moja. Faili likashuka. Nikalipandisha kwenye mfumo mpya, nikafumba macho, nikafumbua. Kila kitu kilikuwepo! Mapishi yote, picha ya mama akichambua maharagwe, soko, kabeji, na chini ya kabeji ujumbe umejipanga chungu nzima. Nikaielekeza adrese yangu kwenye nyumba mpya. Nikamwita Floribert, nikamwita mwenye duka la pembeni, nikamwonyesha mteja aliyekuja kupiga fotokopi ya cheti chake cha ubatizo.

Halafu, kwa furaha ileile, nikarudi kule kwa zamani nikafunga akaunti yangu. Sikutaka tena hata kuiona ile kijivu. Kitufe cha kufuta kilikuwa chekundu. Kiliniuliza mara mbili kama nina uhakika, na nilikuwa na uhakika mara zote mbili.

Jumapili, 28 Septemba

Kanisani nimeimba mpaka jirani amenigeukia. Mchana tumekula kuku.

Jumatatu, 29 Septemba

Mungu wangu.

Mama Scholastique amekuja kusomewa nyumba mpya. Nikamkalisha kwenye kiti cha wateja, nikafungua kwa mbwembwe, nikateremka mpaka kwa mwanawe, nikasoma kwa sauti: "Fabien ameandika: Mama niko muzima, shimo iko karibu kutoa."

"Fabien gani?" akauliza.

Nikadhani nimeruka mstari. Nikapanda juu kidogo. Fabien ameandika: Mutoto wangu, kula muzuri, mama iko anakuombea. Nikapanda tena. Fabien amejifungua mapacha. Fabien amehamia Uganda na watoto wanasoma. Fabien anampa Fabien pole kwa kifo cha shemeji, na Fabien anashukuru. Nikapanda mpaka mwanzo kabisa. Bule nzima inaitwa Fabien.

Na huko mwanzo nikaikuta sababu, ujumbe wa kwanza kabisa, wa miaka ile: "Batu ya Bule, hii site inaomba adrese ya email. Mwenye hana, aweke yangu, hakuna shida." Chini yake adrese yake, Fabien wa kona. Mimi mwenyewe niliusoma siku zile nikacheka! Wakaiweka wote, aliyeko kambini, aliyeko Uganda, aliyeko mgodini. Mfumo wa zamani haukujali, ulionyesha jina mtu alilojiandikia. Faili nililobeba lina adrese tu, majina hayamo. Na mfumo mpya, mwerevu kuliko mimi, umehesabu kwamba adrese moja ni mtu mmoja, ukamtafuta mwenyewe mtandaoni, ukampa kila kitu.

Majina yalikuwa yamebaki kule nilikobonyeza kitufe chekundu.

"Donc Guelord akifungua," Mama Scholastique akasema polepole, "hataona jina yake. Hataona yangu pia."

"Hapana, mama."

"Ataona Fabien na Fabien."

"Ndiyo, mama."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Alifunga kitenge chake vizuri akaenda, na mimi nimekaa hapa na tovuti nzuri ya kijani nisiyotaka kuiangalia.

Jumanne, 30 Septemba

Kampuni ya zamani imejibu: kilichofutwa kimefutwa. Wamenitakia siku njema. Mvua.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nilienda kwa Fabien nikiwa nimejaa hasira kama mtungi. Nikamwonyesha. Akateremka, akateremka tena, na meno yake yote yakatoka.

"Batu bote ni miye?"

"Fabien, hii si mchezo."

"Madame, hata mapacha ni ya miye!" Akawaita waliokuwa wanangoja simu, wakaja kuangalia, ikawa sherehe.

Nilipomuuliza kama anakumbuka nani alisema nini, akatikisa kichwa. Hapo ndipo nikajua alichokuwa anaongea kutwa na watu wa kambini. Simu zao zikichaji, wasiojua kuandika walikuwa wakimwambia maneno naye anaandika. Hawalipi kitu. Na majibu yakija hayasomi mpaka mwenyewe awepo.

"Minaandikaka, nafuta mu kichwa," akasema. "Maneno ya mutu ni ya mutu."

Nimeona haya, naandika hapa kwa kuwa sikumwambia. Muziki wake bado ni mbaya.

Na sasa sikia! Jioni hii Bénédicte, yule muuza ndizi, ameingia kuchukua fotokopi nikiwa nasoma ujumbe mmoja kwa sauti, natafuta dalili yoyote: "Nasalimia wote wa mustari wa vitunguu, mugongo bado, lakini Mungu iko." Akaacha fotokopi. "Ile ni yangu! Ile mugongo ni yangu!" Nikamwandikia jina lake pale pale. Mfumo mpya unakubali nitoe ujumbe kwenye adrese ya Fabien na kuupa jina lingine, mmoja mmoja. Nimeruka mpaka kiti kimeanguka. Majina yamepotea, lakini wenyewe wapo! Nitawasomea!

Jumapili, 5 Oktoba

Sikuamini watakuja. Fabien alitangaza kwa spika yake tangu Ijumaa, na baada ya misa kibaraza cha sekretarieti kilijaa, benchi la kanisa likaazimwa, wengine wakakaa kwenye madumu. Mimi mlangoni na kompyuta, Fabien pembeni akishikilia waya wa betri na miwani yake usoni.

Nikaanza. "Fabien ameandika: Mbuzi wangu alibaki kwa nani?" Kibaraza kizima kikapiga kelele jina moja, na mzee mmoja akasimama akiwa amekasirika kwamba wote wanamjua kwa mbuzi. Nikasoma mwingine, mwingine tena. Hawakuhitaji kufikiri. Huyu anajulikana kwa kusalimia watoto kabla ya wakubwa, yule kwa kulalamikia unga. Waliokuwa mbali walitambuliwa na jamaa zao: "Huyo ni dada yangu wa Kampala, yeye njo anasemaka 'bon' kila mara." Mimi nabadilisha, nasoma, nabadilisha, jasho linanitoka kwa furaha.

Halafu mvua ikashuka juu ya bati, sauti yangu ikamezwa. Nikadhani wataondoka. Wakasogea karibu tu, na Fabien akaniunganishia spika yake. Sauti yangu ilifika mpaka barabarani, pikipiki zikasimama.

"Nasalimia wote, mvua ni mingi huku, tuombeane."

"Ni yangu!" Bénédicte akasema.

"Yako ya wapi?" Clémence, anayekaa kambini, akasimama. "Miye njo nilikuwaka fasi ya mvua!"

"Mvua ni ya weye peke?"

Ilibidi niandike Bénédicte na Clémence. Hakuna aliyeridhika.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua. Paneli haichaji. Watu watatu wamekuja kuuliza lini tena.

Jumapili, 12 Oktoba

Leo nilisoma: "Kwanza habari ya hali ya hewa. Huku jua. Nyinyi je?" Wote wakamtambua. Ni Katsuva, mwenye duka la chumvi pale Bule, aliyekuwa haanzi neno bila hali ya hewa. Alifariki mwaka jana, kambini. Mjane wake alikuwa amekaa kwenye dumu la mwisho. Akaomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Mumwambie huku mvua," na watu wakacheka huku wanajifuta macho. Nikaandika jina: Katsuva. Nikaandika na jibu la mkewe chini.

Tumekaribia kumaliza. Wamebaki wawili tu, Mama Scholastique na Guelord wake.

Jumatatu, 20 Oktoba

Yeye hataki kibarazani. Anataka nimsomee peke yake, na anataka pole pole.

"Leo moja tu," anasema. "Ingine kesho."

Nikimwambia naweza kubadilisha majina yote mawili kwa saa moja, anainua mkono; lake tu ndilo amekubali nilirudishe. Anasikiliza ujumbe mmoja, anakaa nao, anaenda. Nilidhani ananiadhibu. Kumbe tangu Julai hakuna mpya, na hii ndiyo namna yake ya kupata barua kila siku. Mimi nataka kumaliza, nataka kuona tovuti yangu imekamilika, miguu inawasha! Lakini kila siku namsomea mmoja tu. Hii safari siyo yangu peke yangu.

Wasiwasi wangu ni mwingine: vipi kama Guelord ameshafungua, akakuta jina la mtu mwingine, akafunga na asirudi tena?

Jumanne, 28 Oktoba

Nimekimbia barabarani na kandambili moja. Moja! Nyingine ilibaki kwenye tope mbele ya Fabien.

Asubuhi nafungua tovuti, nakuta ujumbe mpya chini ya kabeji. Naunakili kama ulivyo:

"Fabien ameandika: Huyu Fabien ni nani? Niliacha mama yangu na mutoto mumoja, jina Guelord. Leo nafungua naona Fabien anaita mama yangu mama, na banamwambia kula muzuri mutoto wangu. Maneno yangu yote ameiba, hata ya shimo. Weye Fabien, miye nashuka. Utanionesha ulizaliwa mu tumbo gani."

Ameweka adrese ileile ya kawaida ya watu wa Bule, bila kujua ni ya nani, basi mfumo ukambatiza Fabien na yeye.

Mama Scholastique alikuwa anaosha vyombo. Nilimsomea nikiwa nahema. Akaketi chini, mikono yenye povu, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakawa machozi tu.

"Hasira ile ni ya baba yake," akasema. "Ni yeye. Soma tena."

Nikasoma tena. Nikatoa simu kuandika jibu, kumweleza habari ya faili na adrese. Akanishika mkono, povu likaingia kwenye simu yangu.

"Usijibu."

"Mama, anafikiri ulipata mutoto mwingine."

"Afikiri. Nilimuombaka kwa upole, hakukuya. Ukimweleza, atasema bon, sawa, nangoja shimo."

Nikarudi kumwonya Fabien. Kwa mara ya kwanza nimemwona akivua miwani. Akauliza kama Guelord ni mtu mkubwa. Mama Scholastique, aliyenifuata, akamjibu kwamba kule Bule alikuwa anabeba gunia la viazi kila bega. Fabien akazima muziki.

Jumatatu, 3 Novemba

AMEKUJA!

Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Pikipiki ikasimama kwenye kona, mtu akashuka, tope kuanzia viatu mpaka nyusi, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka mezani kwangu: "Fabien ni nani hapa?" Waliokuwa wanangoja simu wakamwonyesha kwa vidole, wote pamoja, bila huruma. Fabien alikuwa ameshasimama nyuma ya mwavuli wake.

"Kaka, nilikuwa naandika tu," akasema.

Sijui kingetokea nini. Mama Scholastique alitoka uani mbio na kitenge mkononi, akapita katikati yao, akampiga mwanawe kofi la mgongo, kisha lingine, kisha akamng'ang'ania na tope lake lote. Guelord alikuwa bado ameinua ngumi. Aliishusha pole pole, kana kwamba hajui aiweke wapi, akaiweka juu ya kichwa cha mama yake.

Nimelia mbele ya wateja. Naandika hivyo na sioni haya.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemweleza Guelord kila kitu. Alicheka, akaenda kumwomba Fabien msamaha, na sasa wanapanga pamoja nyaya upya, maana alikuta mafundo yanayotisha. Amerekebisha na paa la mama yake. Jioni alikuja kuangalia maneno yake kwenye kioo changu kikubwa.

"Site ni muzuri," akasema, na akaigusa ile kijani! "Lakini bado naitwa Fabien. Dada, unirudishie jina yangu. Nikiona imerudia, roho inatulia, kiisha naweza kupanda tena ku shimo."

Nikasema sawa. Alipotoka, Mama Scholastique alibaki. Alingoja mpaka hatua zake zikapotea.

"Ya Guelord usitengeneze," akaninong'oneza.

"Mama, ni yeye tu alibakia. Site itakuwa imeisha."

"Mvua ni mingi, mutoto wangu. Paneli haichaji."

Jumatatu, 17 Novemba

Jua kali tangu asubuhi, hakuna hata wingu. Betri imejaa tangu saa nne. Guelord amepita kuuliza habari ya jina lake, na Fabien kutoka kwenye kona ameniangalia juu ya miwani yake.

Nimemwambia paneli haichaji, arudi wiki ijayo.